Anselme Kasereka na Bodi za Tabaka Sita

Marehemu Anselme Kasereka, ambaye leo amelala mbele yetu bila kumbishia mtu, alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, tarehe 3 Juni 1962. Alikuwa mtoto wa kiume wa tatu, kama jina lake linavyosema kwetu Wanande. Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku ile hakukubali tena kushikwa mkono.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Butembo, kisha chuo cha ufundi, akahitimu elektroniki mwaka 1983. Akiwa mwaka wa pili alifungua kipaza sauti cha parokia Jumamosi Kuu, eti akitengeneze. Pasaka ile padri alihubiri kwa kupiga kelele, naye Anselme akakaa benchi la mbele akisema kosa ni la betri. Kukosea, kwake, ilikuwa kazi ya watu wengine.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Bibiane, mwoka mikate na keki. Tusidanganyane, walibishana kila siku ya Mungu, lakini walikula sahani moja. Vita ilipowakimbiza waliingia Kampala mwezi wa Novemba 2008 na watoto watatu, pasi ya kulehemu ikiwa imefungwa ndani ya kitenge cha Bibiane.

Walipanga vyumba viwili mtaa wa Nateete. Katika chumba cha mbele Anselme alitengeneza simu na redio. Katika cha nyuma Bibiane alioka keki kwa oveni ya umeme. Aprili 2019 akaja injinia Oola, mtengenezaji wa vitanda vya joto vya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Alileta bodi ishirini na nne za umeme wa vitanda hivyo, zilehemiwe vipuri. Bodi ya redio ina shaba juu na chini, yakaisha. Hizi zilikuwa na tabaka sita, shaba mpaka katikati.

"Mzee, kila mtu ananiambia nipeleke kazi hii ng'ambo," Oola alisema. "Ukiweza, kazi yote inabaki kwako. Ukishindwa, sina la kufanya."

"Bodi hii na redio ni mama mmoja, baba mmoja," Anselme akamjibu.

Akaziosha zote kwa maji na sabuni, akazianika juani saa moja, kama alivyozoea kufanya na bodi za redio tangu Butembo. Akaanza kulehemu. Joto likawa linakimbilia kwenye shaba ya ndani, lehemu inagoma kuyeyuka. Akaongeza moto. Bodi ikalia pwa! ikavimba tumbo kama chapati. Ya pili hivyo hivyo, mpaka nane zikafa. Alisingizia umeme, akasingizia lehemu, akasingizia mvua, na siku ya tatu akaisingizia hata serikali ya Kongo. Oola alikuwa amebakiza wiki moja tu ya kusubiri.

Bibiane akachukua bodi moja, akaibonyeza pale ilipovimba.

"Baba Heritier, hii imekunywa maji. Ukiipiga moto mkali, yale maji yatatokea wapi? Ikaushe kwanza kwa moto mdogo, masaa mengi."

"Mama Heritier, elektroniki si keki."

"Sawa. Lakini keki zangu hazirudishwi."

Alhamisi Bibiane alipokwenda mazoezi ya kwaya, Anselme aliziingiza bodi kumi na sita zilizobaki ndani ya oveni. Mke aliporudi alimkuta ameketi mbele ya oveni kama mtu anayelinda maharage.

"Unaoka nini?"

"Naangalia kama oveni yako ni nzima."

Alipozilehemu, zote kumi na sita zilishika, hata moja haikuvimba. Oola akaleta nane nyingine, nazo zikashika, na kazi ikabaki Nateete. Bibiane alikataa kuilisha jamii lehemu, kwa hiyo oveni ile ikahamia chumba cha mbele na mume akamnunulia nyingine. Lakini kila mgeni aliambiwa: "Hii mbinu niliivumbua mimi." Bibiane aliendelea kukanda unga. Karibu miaka sita alingoja mumewe aseme ukweli mara moja tu, na ilimuuma. Sisi tuliomjua tuliona.

Desemba 2024 figo zilianza kumsumbua Anselme, akalazwa hospitali ya Mulago. Hata huko alimwomba nesi Olivia amruhusu kufungua mashine ya kusafisha damu iliyokuwa pembeni ya kitanda. Nesi akamwambia, "Mzee, ukiifungua utakufa." Akasema, "Angalau nitajua kwa nini." Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Bibiane, watoto Heritier, Exaucée na Blaise, wajukuu wanne, na dada yake mdogo Benedicte, anayesoma wasifu huu.

Aya inayofuata haimo katika karatasi mlizoshika. Jumamosi, siku moja kabla ya kufa, marehemu alimwambia Benedicte afunge mlango, aandike.

"Andika, oveni ilikuwa akili ya Bibiane. Mimi nilikuwa nimeshindwa. Bila yeye ningefunga duka, na wale watoto wangelala kwenye baridi. Soma siku ya kunizika, mbele ya wote niliowadanganya."

Dada yake akamwambia mkewe yuko hapo nje, aitwe amwambie mwenyewe.

"Nimejaribu tangu Krismasi," alisema. "Nikimwangalia, naanza kulia."

Mama Heritier, umesikia, na padri amesikia, na Nateete nzima imesikia. Neno hili limechelewa, lakini ni lako, nenda nalo nyumbani. Naye Anselme, Mungu ampe pumziko lenye amani.