Graham Tranter na Kiti cha Kushoto

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, saa nane mchana, Graham Tranter alivua koti lake la buluu akastaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Wednesbury kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Hiyo miezi miwili ameniagiza niitaje. Nisingeitaja, angenirudishia taarifa hii mezani kama alivyonirudishia kazi nyingine nyingi.

Alianza Aprili 1991 katika karakana ya kumimina shaba. Baada ya miaka sita akahamishiwa meza ya ukaguzi, kituo cha mwisho kabla ya stoo, na tangu hapo hakuna kitasa wala bawaba iliyotoka humu bila kupitiwa na dole gumba lake. Alikuwa akifumba macho, anapapasa ukingo taratibu, na akihisi mkwaruzo anachora duara kwa chaki ya manjano. Mimi ni mng'arishaji. Nimechorewa maduara kwa miaka ishirini na miwili, na kuna siku nilitamani kumlisha chaki hiyo.

Lakini ukweli usemwe. Mwaka 2009 hakuna mteja aliyeturudishia hata kasha moja, na uongozi ukampa Graham saa ya ukutani. Aliirudisha kesho yake kwa sababu ilikuwa inachelewa kwa dakika moja.

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 2011 alinunua gari likiwa vipande ndani ya maboksi: fremu, bodi ya plastiki ngumu, na injini iliyotolewa kwenye gari kuukuu. Gari la viti viwili, halina paa, na liko chini kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na mbwa wa jirani. Kuliunda kulimchukua miaka miwili. Miaka kumi na miwili iliyobaki alikuwa akilirekebisha. Gari la kujiundia haliingii barabarani mpaka wakaguzi wa serikali wapitie breki, taa, kelele, vioo, na kila ncha inayoweza kumgusa binadamu. Kila mwaka Graham alijaza fomu ya maombi, na kila mwaka akairudisha kabatini akisema bado kidogo. Madigadi peke yake aliyafanya upya mara tatu.

Aliyekuwa akiumia ni Glenys, mkewe, ambaye wengi mnamkumbuka kwa njegere zake za kantini. Glenys aliapa hakai ndani ya gari lile mpaka lipate namba. Basi kiti cha kushoto kikafunikwa blanketi, na hakuna aliyekikalia. Miaka ikaenda, nyonga zake zikaanza kumsumbua. Moja ilibadilishwa, ya pili inangoja foleni. Kwenye chakula cha Krismasi mwaka jana alimwambia mumewe mbele yetu sote:

"Graham bwana, ukikawia tena utanipandisha kwa winchi. Nyonga hainisubiri."

Tulicheka, isipokuwa Graham. Januari, fomu ikatumwa.

Ukaguzi ulikuwa tarehe 18 Machi. Nilienda naye kwa kuwa trela ilivutwa na gari langu. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Breki zikapita, taa zikapita, kelele zikapita. Usukani ukaachiwa kwenye kona na ukarudi wenyewe kama inavyotakiwa. Graham akaanza kupiga mluzi. Ndipo yule mama akapiga magoti upande wa kushoto, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akatulia.

"Mzee wangu, hapa atakaa nani?"

"Mke wangu."

"Basi bolti hii ingemchana goti."

Ilikuwa bolti moja, imekatwa kwa msumeno na haikupigwa tupa, imejitokeza nusu kidole. Kwa miaka yote hiyo Graham alilikagua gari akiwa upande wake wa usukani. Kushoto aliingiza spana tu na kufunika blanketi, maana kiti kile kilikuwa cha Glenys. Mganga hajigangi. Gari likaanguka mtihani, tukalifunga kwenye trela, tukarudi. Karibu na nyumbani akasema, "Ningemkata mwenyewe, Maxine."

Bolti ile ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kilichoharibika ni imani yake kwa dole gumba lake. Jumatatu alikuja chumba cha kung'arisha akiwa na boksi la chaki, akatuomba tumkagulie gari. Alituomba sisi, watu aliotuchorea maduara maisha yetu yote.

Jumamosi tulikuwa kumi na mmoja uani kwake. Parveen Akhtar wa ufungashaji alileta mikate ya jibini na vitunguu pamoja na mfuko wa vifuniko vya plastiki vya kuvisha nati. Graham aliliondoa blanketi kwa mkono wake. Kutesa ni kwa zamu, jamani. Tulilala chini, tukapapasa, tukachora maduara thelathini na moja. Balwinder Sangha wa tanuru alichora moja kwenye tumbo la Graham, akadai limezidi kipimo na halina ukingo unaoeleweka. Katika yote, manne yalikuwa ya haki, na mojawapo lilikuwa pale ambapo Glenys angeshika ili ajishushe. Graham alipiga tupa kila penye duara la haki, kisha akamwita aliyelichora aje apapase, akangoja jibu amesimama wima. Langu nilimngojesha makusudi. Sijutii.

Tarehe 13 Mei tukarudi. Mama yuleyule aliingiza mkono palepale, akainuka, akaandika, akampa karatasi. Graham aliisoma mbele na nyuma, kisha akamuuliza kama ana hakika. Namba zilifika wiki ya pili ya Juni.

Kwa hiyo Ijumaa ile hotuba zilikuwa fupi, maana kila mtu alitaka kutoka nje, uani kwa kiwanda, gari lilipoegeshwa. Glenys alikuja na fimbo yake. Graham akafungua mlango wa kushoto. Mama wa watu akanikabidhi fimbo, akakataa mikono yote iliyonyooshwa. Aligeuza mgongo, akakaa ukingoni, akainua mguu mmoja kwa mikono miwili, akapumzika, akainua wa pili. Ilichukua dakika nne. Alipojishusha kitini alitazama mbele. Mimi nililia, sifichi.

"Endesha, mzee," akasema. "Kutoka tutajua hukohuko."

Walipanga kunywa chai Welshpool, mji wa njiani, na kulala Barmouth, baharini. Welshpool Glenys aligoma kushuka, akasema ameingia kwa shida na hatoki kwa ajili ya kikombe cha chai. Graham akaenda kununua chipsi, wakala mlemle kwenye maegesho, mvua ikiwanyunyizia vichwani. Parveen alitumiwa picha: Glenys anacheka mpaka macho yamefumba, na siki imemwagika kwenye kiti, doa kubwa la kahawia. Nilimpigia simu Graham kumchokoza kuhusu doa. Akasema ameliona, na hana mpango wa kulifuta.

Graham, tunakushukuru kwa kila kazi uliyoturudishia. Mikono yetu inajua kazi kwa sababu yako. Glenys, asante kwa kutuazima mume miaka yote hii. Nyonga ya pili na ipone mapema, na maisha yawanyookee nyote wawili.

Maxine Foxall, chumba cha kung'arisha