Verediana Mponji na Mbuzi wa Mstari wa Saba

Wasikilizaji wapendwa, popote ulipo mchana huu, iwe umeshika jembe Lupiro, umekaa dukani hapa Ifakara, au unamenya mhogo kule Masagati ambako mawimbi yetu hufika yakiwa hoi, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Tunamkumbuka Mama Verediana Mponji wa Mofu. Amefariki dunia Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Jumanne iliyopita, asubuhi, presha ilimkuta anafunga kamba za raba zake aende kazini.

Kazi gani? Kuhesabu kinyesi.

Ndiyo, kinyesi. Kinyesi cha wanyama. Kama uko mezani, tuwie radhi, vumilia kidogo, maana bila kinyesi hicho hapa hakuna simulizi. Unamjua sheshe, yule swala wa rangi ya kutu anayekaa kwenye majani ya bonde letu. Mwoga kupindukia. Ukikohoa tu, kaenda. Na majani yetu nayo yanammeza mtu mzima akiwa amesimama. Sasa mnyama wa namna hiyo utamhesabuje? Wataalamu wakaona heri wahesabu anachoacha nyuma. Mnyama anajificha, choo chake hakijifichi.

Verediana hakusomea kazi hiyo. Aliishia darasa la saba, akawa msusi wa mikeka ya ukindu. Miaka ishirini na minane iliyopita watafiti walifika Mofu na gari, na kamera, na kitabu kikubwa cha mimea. Mkubwa wao alikuwa Daktari Joachim, ambaye sasa amestaafu. Tulimpigia simu juzi. Alicheka kwanza, halafu akaanza kusimulia.

"Nilimwuliza jina la nyasi moja tu," alituambia. "Akanipa jina. Akanipa mnyama anayeila. Akanipa mwezi inapotoa maua. Halafu akanitazama, akaniuliza kwa heshima zote, 'Shikamoo baba, kwani wewe ulisomea nini?'"

Kesho yake akaajiriwa.

Binti yake wa pekee, Edna, wakati huo alikuwa shule ya msingi. Anasema nyumba nzima ilinuka majani. Mama alikuwa analaza mimea ya utafiti katikati ya magazeti, anaikandamiza kwa matofali, na masika anaikausha juu ya jiko la mkaa. "Ukitafuta gazeti la kufungia vitumbua hupati," anasema Edna. "Yote yamelaliwa na majani. Majani yana kitanda, sisi tuko kwenye mkeka."

Alipewa mistari saba ya kutembea, kilomita moja moja, kila mwezi. Mstari wa saba ndio aliopenda. Unafuata kijito ambacho Septemba hukauka kabisa, kikabaki mchanga mweupe. Mpita njia angesema mto umekufa. Verediana alikuwa anapiga magoti pale mchangani, anachimba kwa mkono. Maji akiyakuta mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, anaandika kiwiko. Akiyakuta begani, anaandika bega. Wakamletea futi ya chuma. Akaipokea, akashukuru, akaanza kuandika sentimita, na pembeni yake bado akaandika kiwiko. Kando ya kijito hicho kuna ukanda wa majani mafupi, laini. Hapo ndipo sheshe walipokuwa wanazalia. Ukumbuke ukanda huo, msikilizaji, maana ndio ugomvi wenyewe.

Basi, ikafika miaka tisa iliyopita, hesabu ya mstari wa saba ikaanza kupanda. Ikapanda mwaka wa kwanza. Ikapanda wa pili. Wa tatu ikapaa. Sheshe wameongezeka! Verediana akapewa cheti cha pongezi kwenye fremu ya kioo, akakitundika sebuleni. Na kijijini watu wakasema, kwa haki kabisa, kama sheshe wamekuwa wengi hivyo, ukanda ule waliofungiwa wanyama tugawiwe tulime mpunga. Orodha ikaandikwa. Jina la tano lilikuwa la Agapiti Mponji, mdogo wake Verediana, tumbo moja. Shamba la Agapiti lililoko mtoni lilikuwa limesombwa na mafuriko misimu miwili mfululizo. Mtu ana watoto sita. Alikuwa keshachagua mbegu.

Lakini kitu kimoja kilimkereketa Verediana. Alimwambia Edna wakiwa wanapeta mchele, "Mwanangu, kinyesi kinaongezeka, mwenye kinyesi haonekani."

Mwezi mmoja kabla ya mkutano wa kijiji wa kupitisha orodha, alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa saba, daftari pajani. Akapita mama mmoja mfugaji, Msukuma, anaitwa Milembe, na mbuzi wake kama sitini hivi.

"Mwangaluka, dada," akasalimu Milembe kwa Kisukuma. "Umepoteza nini hapo chini?"

"Sijapoteza, mama. Nahesabu."

Milembe akainama, akatazama. Akatazama tena. "Unahesabu mavi ya mbuzi wangu?"

Na mbuzi mmoja, mhuni asiye na haya, akainua mkia, akaongeza mengine palepale mbele yao.

Verediana akaokota kidonge cha zamani, akaokota na kipya. Akaviweka kiganjani. Umbo lile lile. Ukubwa karibu ule ule. Akakaa chini kwenye majani. Milembe alituambia alidhani dada wa watu amepigwa na jua, akampa maji.

Usimcheke haraka. Mwongozo wa kazi aliopewa ulikuwa na picha za vinyesi vya wanyamapori: tembo, kiboko, nyati, sheshe. Mbuzi hakuwemo. Nani angemweka mbuzi? Wakati mwongozo unaandikwa, mbuzi hawakufika kule. Walianza kupita miaka hiyo hiyo mitatu, alfajiri, kabla Verediana hajafika. Alifanya kazi kwa uaminifu wote, hatua kwa hatua, na kwa uaminifu wote akahesabu mbuzi.

Sasa hapo ndipo unamjua mtu. Verediana hakuwa mtupaji. Vidonge vya miaka yote mitatu alikuwa amevihifadhi kwenye vikaratasi, kila kimoja na tarehe yake, ndani ya sanduku chini ya kitanda. Akavitoa. Akachukua sufuria ya Edna ya kusongea ugali.

"Nililia," anasema Edna. "Sufuria yangu mpya! Nikamwambia, 'Mama, hata kama ni utafiti!' Akanijibu, 'Nitakununulia nyingine. Hii imeshapata kazi.'"

Alikuwa anavilowanisha kwa maji ya moto, anavivunja, anatandaza makapi kwenye sahani nyeupe, anayatazama kwa lenzi. Kwa sababu alijua majani, wasikilizaji wapendwa. Sheshe anakula nyasi. Mbuzi naye anakula nyasi, lakini mbuzi hawezi kupita kichaka bila kuonja. Jani la nyasi, mishipa yake imenyooka. Jani la kichaka, mishipa yake imesukana kama wavu. Ukiona wavu, huyo mbuzi. Ukiona mistari mitupu, huyo sheshe. Wiki tatu alikaa na sufuria ile. Katika kila vikaratasi mia vya mstari wa saba, themanini na vinane vilikuwa na wavu. Sheshe hawakuongezeka. Sheshe walikuwa wanakwisha.

Agapiti akaja. Amekaa kwenye kigoda, anatazama sahani.

"Dada, nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe na yule mama mwenye mbuzi."

"Basi iishie hapa. Nakuomba. Nimekuomba lini kitu, dada?"

Tumepewa maneno haya na Agapiti mwenyewe, na anataka yasemwe kama yalivyo. Anasema dada yake aliweka lenzi chini. Alimwonea huruma, machozi yalimlengalenga. Kisha akamwambia, "Mdogo wangu, daftari langu lina miaka ishirini na miwili. Nikidanganya ukurasa mmoja, nani ataziamini kurasa nyingine?" Agapiti akaondoka bila kuaga.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Viongozi mbele, wataalamu mbele, waliomo kwenye orodha wamekaa safu ya kwanza na mashati ya Jumapili. Verediana akaitwa asome hesabu yake. Akasimama. Akasema, "Nilikosea. Miaka mitatu nimehesabu mbuzi."

Lo! Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja huko nyuma akalia "Mee!" wakacheka upya. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama. Verediana hakuchutama. Alisimama vile vile, mikono kwenye daftari, akasema, "Chekeni. Mkimaliza nitaendelea."

Wakamaliza. Akaendelea. Akaweka sufuria mezani, akaweka sahani, akawaita mmoja mmoja waje watazame kwa lenzi. Aliyelia "Mee" alikuja wa mwisho, na alikaa na lenzi kuliko wote. Orodha ikawekwa kando. Ukanda haukugawiwa. Mbuzi wa Milembe wakapangiwa njia nyingine, na Milembe akaikubali, ingawa ni ndefu.

Lakini msidhani alibebwa juu juu siku hiyo. Thubutu! Aliitwa Mama Mbuzi. Sokoni, Mama Mbuzi. Kwenye jumuiya, Mama Mbuzi. Cheti alikitoa ukutani mwenyewe. Kioo chake akakitumia kukandamizia majani. Na Agapiti hakumsemesha miaka miwili, mpaka wakulima wale walipotafutiwa eneo upande wa pili wa kijiji. Miaka miwili, tumbo moja, kanisa moja, kila mmoja na benchi lake. Hilo lilimuuma kuliko jina la Mama Mbuzi. Edna anasema Jumapili moja moja mama alipika wali wa ndugu wawili, ukaliwa na mmoja.

Walipatana baadaye, kwa kusuasua. Lakini jambo moja lilibaki. Tangu mwaka jana, mwezi hadi mwezi, mstari wa saba haukumpa kitu. Miezi kumi na minne ameandika neno moja: hakuna. Watu wakaanza tena, safari hii si kwa utani. Ukanda mmemfungia nani? Sheshe gani? Hata Daktari Joachim alimshauri aupumzishe mstari ule. Verediana akamjibu, "Hakuna nayo ni hesabu, baba." Kila mwezi akafunga raba, akaenda, akaandika hakuna. Edna anasema alikuwa akifunga daftari taratibu sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya mstari wa saba. Raba moja ilikuwa imeshafungwa.

Tulimzika Alhamisi, Mofu. Ijumaa msiba bado umekaa, Agapiti akatoweka. Wageni wanafika, mjomba hayupo. Edna alikasirika, kwa nini asikasirike? Saa tisa mchana Agapiti akatokea, suruali imelowa mpaka mapajani, daftari la dada yake kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ametembea mstari wa saba. Wote. Kilomita nzima, peke yake, na hakuwahi kuutembea maishani.

Akafungua kipande cha gazeti. Vidonge kumi na viwili.

"Edna, mwanangu," akasema, "lete sufuria."

Edna hakuuliza. Akaleta sufuria ile ile. Waombolezaji wakasogea, na Milembe alikuwepo, amekuja na maziwa ya msiba. Agapiti akamimina maji ya moto. Wakatandaza kwenye sahani. Edna akatazama kwa lenzi ya mama yake. Mistari. Akageuza sahani. Mistari mitupu. Akampa lenzi Milembe, mwenye mbuzi, shahidi asiyepingika. Milembe akatazama kwa jicho moja, muda mrefu. Akainua uso.

"Hawa si wangu," akasema.

Watu walilia pale, wasikilizaji wapendwa, na walikuwa wanacheka vilevile. Agapiti akafungua daftari, chini ya hakuna kumi na nne, akaandika kwa hati yake mbaya: Mstari wa saba. Sheshe. Nyasi tupu.

Kwa niaba ya wote wa hapa studio, tunampa pole Edna. Tunampa pole Agapiti, ambaye ametuomba tutangaze kwamba mwezi ujao atakwenda tena. Pole Milembe. Pole kwa Daktari Joachim na kwa watu wote wa Mofu, pamoja na wewe uliyelia "Mee" ukumbini; tunakufahamu, na tuliona kwenye mazishi ulivyoshika jeneza upande wa kichwa. Bwana ampumzishe Mama Verediana kwa amani.

Na wewe unayetusikiliza, tafakari kidogo leo. Pengine nawe una mbuzi uliowahesabu ukawaita sheshe, na cheti umekitundika ukutani. Unawajua. Kupotea njia ndiko kujua njia. Simama useme. Watacheka. Subiri wamalize, kisha uendelee.