Shuka ya Nane

"Nani atanishikia upande wa pili?"

Ndivyo alivyouliza yule mama kwenye mkutano wetu, mbele ya watu zaidi ya mia, kashika pembe mbili za shuka aliyoitoa kitandani kwake, pembe nyingine mbili zikiburuta sakafuni. Sikilizeni wanangu, na wewe kitinda mimba acha kunisogezea mto kila dakika, mgongo wangu umekaa sawa: hakujibiwa na mtu. Na wa kwanza kunyamaza nilikuwa mimi, mama yenu, niliyekuwa na kipaza sauti mkononi. Akaikunja peke yake, ikakunjika vibaya, akaibana kwapani, akaondoka.

Ule mkutano wetu wa kuwakumbuka wafu mmeujua tangu utotoni, lakini mlioneshwa nusu yake. Pale kiwandani tulifua shuka za hospitali, na shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja; mnashika wawili, mnaivuta, mnaikung'uta, kisha mnasogeleana mpaka vidole vikutane. Basi boila, lile pipa kubwa la mvuke, ilipopasuka na kuwachukua wenzetu nikasema hatutawalilia kwa hotuba. Kila aliyekufa atakunjiwa shuka yake, upande mmoja ndugu yake, upande wa pili mmoja wetu tuliosalimika, na wakikutana katikati waseme jambo moja la kweli juu yake. Ndiyo maana mpaka leo tunamcheka yule dada wa pasi aliyependa kulala ndani ya kapu la shuka safi, siku moja akapakiwa garini na kupelekwa wodini pamoja na mzigo. Anachekwa kwa sababu anapendwa. Miaka ishirini na sita nimeusimamia mkutano huo, haujachelewa kuanza hata dakika kumi, wala sijamruhusu mkubwa yeyote kupanda juu ya wafu wetu ili aonekane mrefu. Najivunia hilo, siwafichi.

Lakini tunakunja shuka saba. Waliokufa ni wanane.

Wa nane ni mume wa yule mama, mtu wa boila, tuliyemwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi zamu nzima ili tujue yuko macho. Mwenye kiwanda alisema boila ilipasuka kwa kuwa Mluzi alilala, na watu wote wakakubali, watu walewale waliousikia mluzi wake asubuhi ile mpaka dakika ya mwisho! Nipeni mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kupiga mluzi huku amelala. Hayupo. Tulikubali kwa sababu marehemu habishi.

Na mimi nilijua kuliko wote. Nilikuwa msimamizi wa zamu. Alinijia, mikono imejaa grisi, akasema, "Dada mkubwa, valvu imekwama, mvuke hautoki. Nizime?" Nikamwambia zamu ikiisha. Akasema, "Basi wahamishe watu wa pasi, wako ukutani kwangu." Nikamjibu, na jibu lenyewe nalisikia mpaka leo: "Wewe piga mluzi wako, kazi ya watu niachie mimi." Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Mlango wake ulikuwa hatua tano tu, angetoka akapona, lakini alirudi kuhangaika na ile valvu, na mluzi ukaendelea, ukaendelea, kisha ukuta ukaja.

Wakaguzi waliponiuliza kama alilala, niliinamisha kichwa kukubali. Hata neno sikutoa, kichwa tu.

Msiseme nilinyamaza kwa ajili yenu mliokuwa wadogo, kisingizio hicho sikitaki, hata mkinipa kwa mapenzi. Niliogopa kutazamwa. Nikamchukia mwenye kiwanda miaka yote hiyo, na chuki ile ilikuwa starehe, maana kila nikimtazama yeye sikulazimika kujitazama.

Mkubwa wangu, usikunje uso. Jana ulinong'ona ati mambo ya zamani hayo, nitajiharibia jina. Jina gani? Jina ambalo mtu mwingine amelilipia kwa lake? Watoto wake wamekua wakiitwa watoto wa yule aliyelala, shuleni, kazini, mpaka harusini, nanyi mmekua mkipishwa viti vya mbele kwa sababu yangu. Na ile picha yangu uliyoagiza itundikwe ukumbini, isitundikwe. Ipeleke hata jikoni, panya waheshimu.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, asiwepo wa kujenga ukuta katikati. Duka la kufulia na pasi zote ni za kitinda mimba, ndiye anayezijua, na wewe mkubwa usigombanie, maana hata kola ya shati lako unainyoosha kwa kuikalia. Mkutano nawaachia pamoja. Ni Jumamosi hii. Shuka ya Mluzi ikunjwe kwanza, kabla ya zote saba. Mjane wake akikubali, mkubwa wangu, utakayemshikia upande wa pili ni wewe, na ukifika katikati utasema yale niliyoyasema hapa, ile valvu, lile jibu langu, kile kichwa nilichoinamisha, bila kupunguza wala kulainisha. Wakizomea, simama hapohapo. Utazomewa kidogo kwa niaba yangu, hutakufa.

Nipeni maji... Basi, yametosha.

Mungu awape mikono isiyokosa kazi, na kazi isiyowatoa utu. Mkikosea, na mtakosea tu, awape ujasiri mapema kuliko mimi. Nimewapenda... mnajua. Siogopi, wanangu. Ajabu, siogopi hata kidogo, ila pumzi... pumzi inanipa mgongo.

Kitinda mimba, vaa viatu. Nenda kwa yule mama, kule nyuma ya karakana ya viti. Mwambie namwomba aje leo, nikiwa bado nasema. Usimweleze lolote njiani, maneno hayo ni yangu kuyasema. Akikataa usimlaumu, ana haki. Rudi tu, wewe na kaka yako mnibebe na kiti hiki mpaka mlangoni kwake.