Mama Nicanora, Aliyembeba Kondori Mgongoni

Mama Nicanora Choquetarqui alizaliwa tarehe 10 Januari 1951 hapa kijijini Quirusillani, mtoto wa nne wa Mzee Fermín na Mama Asunta. Alisoma miaka miwili tu, baba yake akamtoa shuleni akachunge kondoo. Kusoma alijifunza akiwa na miaka arobaini, kwa madaftari ya bintiye Teófila, na kila alipokosea alimgombeza huyo mwalimu wake mdogo.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Saturnino Huarachi, wakajaliwa watoto watatu. Saturnino alifariki mwaka 1998, akamwachia kondoo sitini na puma, paka mkubwa wa milimani, asiyeshiba.

Sehemu inayofuata marehemu aliagiza isomwe bila kupunguzwa neno. Mwezi Mei 2010, puma alipoua kondoo wake wa tisa, alitia sumu kwenye mzoga akauacha bondeni. Puma hakuja. Walikuja kondori, wale ndege wakubwa wala mizoga. Asubuhi aliwakuta saba wamekufa, na wa nane, jike ambaye bado alikuwa na manyoya ya kahawia ya utotoni, akihema huku povu likimtoka. Alimfunga kwa shali, akambeba mgongoni, mwendo wa saa tano hadi barabarani.

Njiani jirani yake Hilarión alimcheka. "Mama Nica, siku hizi unabeba mizoga?"

"Huyu atapona. We cheka tu, meno yenyewe yamebaki mawili."

Kondori alitibiwa mjini miezi kumi na minne. Marehemu alimwita Mgonjwa, na jina halikubadilika hata alipopona. Wataalamu walipotaka kumwachia huru kwenye mwamba wetu, mkutano wa kijiji ulikataa. "Atatumalizia wanakondoo!"

Marehemu akasimama. "Sumu niliweka mimi. Wale saba niliwaua mimi. Mkimkataa huyu, nafungasha nahama."

Wa kwanza kunyoosha mkono kumkubalia alikuwa Hilarión.

Tarehe 14 Agosti 2011 kizimba chake pale mwambani kilifunguliwa. Mgonjwa hakutoka. Siku ya pili vilevile, na wageni waliokuja kutazama wakaanza kukunja mahema. Marehemu akaketi pale kwenye baridi. "Kutembea nilikubeba mimi. Kuruka utaruka mwenyewe."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mgonjwa alitembea hadi ukingoni, akakunjua mabawa, upepo ukamchukua. Marehemu alitazama juu mpaka shingo ikakaza. Teófila alimkanda siku mbili.

Tangu hapo marehemu alipita nyumba kwa nyumba akiomba watu waache sumu, akawafundisha kujenga mazizi ya mawe yenye paa. Mgonjwa alitotoa mwaka 2017, na hadi leo amelea makinda watatu.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua marehemu. Teófila alimsihi, "Mama, twende mjini, hospitali iko karibu."

"Na huku nani atapita kwenye nyumba za watu? Wewe unaogopa mbwa wote."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na dada yake Primitiva.

Aliacha ombi moja: kaburi lisifukiwe kabla ya sumu iliyobaki majumbani kuletwa. Teófila yuko langoni mwa makaburi na debe, na hatauliza ni ya nani. Nendeni mkalete. Alale kwa amani Mama Nicanora, sisi tunawasubiri.