Fundi Mfaume na Mita Aliyoiangusha kwa Makusudi

Baada ya miaka kumi na sita katika Ushirika wa Mafundi Umeme Tuamke, Tabora, Fundi Mfaume Ngollo anastaafu rasmi Jumamosi, tarehe 30 Juni 1984. Alikuwepo siku ushirika ulipoanza, wakati mali yetu yote ilikuwa koleo moja, ngazi ya kuazima, na Fundi Mfaume. Koleo lilipotea. Ngazi, mwenye nayo alikuja kuidai. Yeye akabaki.

Mimi niliyeandika ni mpiga chapa wa ofisi. Vitabu vya maelekezo ya vifaa huja kwa Kiingereza na mimi ndiye ninayevigeuza Kiswahili, basi Mwenyekiti akadhani anayeweza hilo anaweza pia kusimama mbele za watu. Siwezi; hata shikamoo yangu watu huomba niirudie. Kwa hiyo atakayewasomea leo ni Bwana Abasi, mtunza stoo, Mzaramo wa Kisarawe na mtani wa Fundi wetu Mnyamwezi. Matusi yoyote mtakayoyasikia humu ni yake, hayamo katika karatasi yangu.

Fundi Mfaume amefunga umeme zahanati, shule, na mashine za kusaga za vijiji vya ujamaa kutoka Ziba hadi Choma. Hagusi waya kabla ya kuupigia hodi. Hodi ya kwanza anapima waya wenye moto, ahakikishe mita ni nzima. Ya pili anapima ule aliouzima. Ya tatu anarudi kwenye wenye moto, isije ikawa mita imekufa njiani na kumdanganya. Na hodi anaitamka kweli, kwa sauti. Kule seminari ya Kipalapala frateri mmoja chumba cha pili aliitikia "karibu!" Fundi akamjibu, "Wewe tulia, baba. Naongea na waya."

Mnalijua kovu la mkono wake wa kushoto. Watoto wa mtaa wa Ng'ambo waliambiwa aling'atwa na fisi. Wageni wa mkoa waliambiwa chui. Mkewe, Bi Sikuzani, anasema walipooana mnyama huyo alikuwa paka.

Ukweli tuliupata mwaka jana, ushirika ulipopewa kibali cha kununua mita mpya ya mkononi, ile inayoandika namba badala ya kuchezesha mshale. Kibali cha mita moja tu. Fundi alijua yeye ataishika miezi michache. Atakayebaki nayo ni Pelagia, fundi wetu wa kwanza mwanamke, aliyemfundisha kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana Abasi alirudi kutoka Dar es Salaam na mita tatu za kuchagulia. Mwenyekiti wetu, Bwana Yoramu, alimpenda mmoja pale pale kama mchumba: mweusi, anang'aa, ana mfuko wa ngozi, na ncha zake zikigusana analia kama simu.

"Huyu hapa," akasema. "Mgeni akisikia sauti hii atajua tumeendelea."

"Na muuzaji ameapa," Bwana Abasi akaongeza, "hata ukimwangusha hafi."

"Ameapa?" Fundi akauliza. Akamnyanyua hadi usawa wa kiuno, akamwachia.

Mweusi alipasuka sakafuni mapande mawili. Ikabingirika fyuzi ya kioo, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mwenyekiti alishika kichwa. Bwana Abasi alishika shingo ya Fundi.

Fundi alijitoa taratibu akamchukua wa pili. Alizungusha waya wake kidoleni, ukajikunja vizuri. Akafungua mgongo: betri ya pembe nne, ya aina ambayo Tabora hatujaiona tangu sabuni ianze kuadimika. "Huyu tutamlisha nini?" akauliza, akamweka pembeni. Wa tatu alikuwa mnene, rangi ya tofali, na sura ya tofali vilevile. Betri zake ni zile ndogo za redio. Waya laini, ncha zina ukingo wa kuzuia vidole visiteleze. Ndani mna fyuzi nene ya kauri iliyojaa mchanga wa kuzima cheche. Naye aliangushwa. Akaokotwa, akapigiwa hodi zote tatu, akajibu sawasawa.

"Mfaume," Mwenyekiti akasema, "kwa ajili ya fyuzi tununue tofali?"

Hapo Fundi akaweka mkono wa kushoto juu ya meza. Mita yake ya zamani, alisema, ilikuwa na fyuzi ya kioo. Ilipokatika, dukani hamna, akaziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akajisifu kwa ujanja. Siku alipokosea tundu la kuchomekea waya wa mita, mita ililipukia mkononi. "Fisi ni mimi mwenyewe," akasema. "Huyu binti siku moja atakosea. Wote hukosea. Nataka siku hiyo kife kitu kingine."

Mwenyekiti alisaini tofali.

Bwana Abasi lakini alikuwa na msiba wake. Alimfunika marehemu mweusi kwa kitambaa cheupe, akajilaza mlangoni pa karakana akilia: "Mnyamwezi ameniulia mwanangu! Hatoki mtu hapa!" Mambo ya watani kwenye matanga mnayajua. Hatukutoka mpaka Fundi alipoagiza jogoo kutoka nyumbani kwake, akamlipa mtani. Maiti ilisafirishwa kwa treni kwenda kwao Dar es Salaam, na muuzaji, kwa kuwa alikwisha kuapa, aliipokea.

Mwezi Machi mwaka huu Pelagia alikuwa Ziba kwenye mashine ya kusaga. Alikosea tundu lile lile. Ndani ya mita kikasikika kitu kama ukucha kugonga kikombe, namba zikapotea, basi. Alirudi na lori la pamba, mikono mizima yote miwili, machozi tele.

"Baba, nimeua fyuzi."

Fundi aliigeuza mikono ya binti, huku na huku, kama mtu anayenunua kitambaa. "Vizuri," akasema. "Ndiyo kazi niliyoiajiria." Kisha akatoka nje kidogo, na aliporudi alisema vumbi la karakana limezidi siku hizi.

Fyuzi ile iliyoungua ameitoboa, anaining'iniza kwenye ufunguo wa baiskeli. Wanaouliza anawaambia ni jino la chui.

Fundi Mfaume, tunakushukuru kwa taa zote, na kwa mikono ya Pelagia. Jumamosi uje na jogoo, maana Bwana Abasi amekwisha kupima urefu wa mlango na anasema anatosha kulala. Nenda kapumzike na Bi Sikuzani, mvune karanga, mle mkiwa na afya. Ukitukumbuka, piga hodi. Hata ya kwanza tu, tutaitika.