Jani la Fundi Saa

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa kinyozi, na sisi tunaokaa hapo sote tuna ua la aina moja. Ni lile la kutambaa, majani manene, maua vinyota vyeupe utadhani vimechongwa kwa nta. Marehemu mke wa Fundi Saa ndiye aliyetukatia vipande, kila mtu chake, na sasa yamefika kwenye mapazia yetu. Fundi Saa mwenyewe aliachiwa jani moja kwenye glasi. Jana asubuhi alikuja nalo kijiweni, akalitua katikati ya vikombe vya kahawa. Mimi ni fundi viatu, sina habari na mambo ya mizimu, lakini niliogopa kuliangalia.

— Miaka mitatu, jamani, — akasema Fundi Saa. — Mizizi imejaa glasi. Halikui, halinyauki.

Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa hazimiki, akainama kulichungulia.

— Liache. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hilo linaoga.

— Miaka mitatu linaoga? — nikamuuliza.

— Lipande udongoni, — akasema Kinyozi. — Samaki mkunje angali mbichi.

— Nililipanda. Likakaa vilevile, nikalirudisha.

— Sasa haraka ya nini, mzee wangu? — akauliza Kinyozi.

— Mama wa duka la vitambaa amesema kesho ndiyo mwisho wake wa kungoja. Na mimi namtaka, siwafichi. Nyumba imepoa. Lakini niliahidi.

Ahadi hiyo tunaijua sote. Siku mbili kabla hajafa, marehemu alilichuma hilo jani kwa mkono wake, akalitia majini, akamwambia mumewe: “Likitoa ua, oa.” Naye akakubali upesi, maana aliona yetu yanavyochanua.

— Labda shemeji bado anafikiria, — akasema Redio.

— Mtu anafikiria miaka mitatu? — nikasema.

— Huko aliko hakuna saa, bwana.

Tulicheka, ila Kinyozi hakucheka.

— Niwaambie kitu. Langu liko dirishani, jua lote lake. Mwezi huu limeliacha jua, limegeukia ukutani. Upande wa nyumbani kwa Fundi Saa.

— Hata langu, — akasema Redio, safari hii kwa sauti ndogo.

Mimi nikanywa kahawa. Langu nimelifunga kamba mara mbili, na mara zote mbili nimeamka nikalikuta limegeuka.

— Maji hupungua, — akasema Fundi Saa. — Kila siku kidole kimoja. Halafu chumba kinanukia maua.

— Maua gani?

— Ndiyo nawauliza nyinyi.

Hapo akapita dada mmoja muuza miche, beseni kichwani. Alilitua, akaagiza kahawa, jicho lake likaangukia kwenye glasi. Akaiinua kwenye mwanga wa jua.

— Baba, hili halina kifundo.

— Kifundo gani, mwanangu?

— Pale jani linaposhikana na shina. Chipukizi hutokea hapo, na ua vilevile. Hili ni jani tupu. Litatoa mizizi, litakaa kijani hata miaka kumi, basi. Ua halitoi.

Fundi Saa alimkodolea macho. Nilimwonea huruma.

— Shemeji hakuwa mtaalamu, — Redio akajitutumua. — Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi...

— Hakuwa mtaalamu? — Kinyozi akamkata. — Mimi nilichuma jani tupu siku ile, akanipiga kofi mkononi! Akaniambia, “Unapanda au unazika?” Akanikatia kipande upya, vifundo viwili. Sote alitukatia vifundo viwili viwili.

Dada akairudisha glasi taratibu.

— Sasa hili la mumewe, alisahau?

Sote tukaikazia macho ile glasi. Ndipo nikaona maji ya kwenye glasi yameshuka kidole kizima, na tangu tuketi hakuna aliyeyamwaga.

Fundi Saa akasimama, akaikumbatia glasi kwa mikono miwili. Duka la vitambaa liko mkono wa kulia. Yeye akashika kushoto, kwake, akitembea polepole ili asimwage.