Waya Mwembamba wa Harub

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum. Mwenye chungu motoni apunguze moto, aje akae. Leo tunamkumbuka Harub bin Sleiman, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefariki Sib mwezi uliopita. Harub bin Sleiman, wa mtaa wa Darsait, kisha wa Sib. Huenda mlango wa nyumba yako kauchomelea yeye.

Mwaka 1994 Harub na dada yake mkubwa, Bi Kheiria, walifungua warsha yao Darsait. Kheiria akipokea wateja, Harub akichomelea. Wakanunua mashine kubwa. Ilikuwa na kebo mbili nene za kupeleka umeme kwenye kazi, na waya mmoja mwembamba. Huo mwembamba kazi yake ni kupima tu. Hubanwa kwenye chuma chenyewe kinachochomelewa, ukaiambia mashine umeme uliofika pale ni kiasi gani. Kebo ikiwa ndefu, umeme hupungua njiani. Mashine ikijua, huongeza.

Lakini ua wa warsha ulikuwa mrefu, na watu wakiburuta vyuma juu ya waya ule. Kila mara unakatika. Harub akachoka kuuunga, akaubana palepale kando ya mashine.

"Harub, waya mwembamba uko wapi?" Kheiria akamuuliza.

"Upo, dada. Nimeubana hapa. Huko uani wanaukanyaga."

"Sasa wewe unaonja mchuzi, na kijiko hujakitia chunguni?"

"Dada nawe! Kila kitu kwako jikoni."

Wakacheka. Waya ukabaki kando ya mashine. Pale umeme ulikuwa kamili, mashine ikaridhika. Kule uani chuma kilikuwa hakijaiva. Mshono ukionekana mzuri kwa juu, ndani haujashika.

Mwaka 1998 kiunzi cha chuma cha kubebea tangi, alichokichomelea Harub, kilikatika juu ya paa la jirani yao, Saeed. Tangi la maji likaanguka. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Saeed akaja warshani, amelowa kanzu. Kheiria hakungoja aondoke. Mbele ya Saeed, mbele ya wafanyakazi wote, akasema:

"Mtu mzima na ndevu zako, waya mmoja umekushinda kubana! Baba angekuwa hai angekuvua hizo glavu."

Harub akazivua mwenyewe. Akaziweka juu ya mashine.

"Basi vaa wewe, dada."

Siku ya pili alipanda paa la Saeed, akakichomelea kiunzi upya. Kisha akahamia Sib, akafungua warsha yake. Darsait hakurudi.

Wasikilizaji wapendwa, waya ulikuwa umebanwa pasipo pake. Hilo Kheiria alisema kweli. Lakini naye kweli yake aliisemea pasipo pake.

Kila Idi, mke wa Harub, Bi Jawaher, alipeleka bakuli la halwa Darsait. Na nyinyi mnajua, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kheiria alilirudisha na vileja, vile vibiskuti vyetu vya Idi. Miaka minane bakuli likaenda na kurudi, wenyewe wamekaa. Kheiria akisema, "Mdogo ndiye amwendee mkubwa." Harub akisema, "Aliyenifukuza ndiye aniite." Wakikutana arusini, hujambo, sijambo, basi.

"Nilimwambia, twende Idi hii," anasimulia Bi Jawaher. "Akanambia, ijayo, inshallah."

Harub alifariki baada ya sala ya alasiri, kiti chake kikiwa mlangoni mwa warsha. Moyo.

Siku ya tatu ya msiba, Kheiria alimwomba Hisham, mtoto wa marehemu, ampeleke warshani. Hakuwahi kuingia. Akatazama mashine, kisha akatazama chini. Waya mwembamba ulikuwa umepitishwa ndani ya mpira wa kumwagilia maua, umefuata ukuta ua mzima, hata mkokoteni upite juu yake usidhurike. Ncha yake imebanwa kwenye geti lililokuwa halijamalizwa, kwenye chuma chenyewe.

"Baba alikuwa hawashi mashine mpaka akague hapo, shangazi," Hisham akasema. "Akituambia, 'Siku yoyote shangazi yenu ataingia mlango ule, na ataanza na waya huu. Asije akatukuta hatuko sawa.'"

Kheiria akainama, akakishika kibanio, akakivuta. Hakikutikisika.

"Uko sawa," akasema. Akakivuta tena. "Uko sawa, Harub."

Hisham akatoka nje, akamwacha.

Tunawapa pole Bi Jawaher na watoto wake. Tunampa pole Bi Kheiria. Mola amrehemu Harub bin Sleiman, na amjaalie kauli thabiti.

Na wewe unayenisikiliza, uliyenuniana na nduguyo, usijipimie moyo wake ukiwa umekaa kwako. Kutoka Darsait hadi Sib ni mwendo mfupi kwa gari. Bakuli lake unalo kabatini. Lipeleke leo, na ulipeleke mwenyewe.